Bati Langu Juu ya Choo cha Mwishehe

Jumatatu, 14 Aprili 1947

Upepo wa alfajiri umening'olea bati! Si makuti, si madebe yaliyopasuliwa kama ya watu wengine hapa Kongowe. Bati la kweli, la mawimbi, nililolinunua kwa malipo yangu ya Keya, jeshi la Mwingereza. Tangu vita viishe hata wenye maduka hawaoni bati. Mimi nilikuwa nayo manane, yote upande wa barabarani, ili mpita njia ayaone. Nyuma ni makuti. Nyuma hapiti mtu.

Limeruka ua likaenda kwa jirani yangu Mwishehe. Likafyeka paa la choo chake, mwenyewe akiwa ndani. Halafu likamvunja mguu mbuzi wake wa maziwa. Bati moja, kazi mbili. Ndiyo mjue lilikuwa bati imara.

Mwishehe alitoka ameshika msuli kwa mkono mmoja na kopo kwa mkono wa pili. Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikasimama uani kwangu kungoja aniletee bati. Hakuleta. Akatuma neno kwamba mguu wa mbuzi hauungiki, amemchinja, niende tuzungumze habari ya fidia.

Fidia! Kwani mimi ndiye niliyepuliza?

Mke wangu Mwanakheri ananishauri nivuke ua, nimpe mwenzangu pole, mambo yaishe. Nimemwambia kutoa pole ni kukiri kosa. Nilipokuwa mtunza stoo wa jeshi hatukukiri kitu mpaka kiandikwe mara tatu.

Adhuhuri Mwishehe ametuletea sahani ya nyama ya huyo mbuzi. Nimeila kwa hasira. Laini.

Jumanne, 15 Aprili

Amenishitaki kwa jumbe! Mtu tuliyekuwa tukinywa kahawa pamoja tangu nirudi jeshini, tukiazimana jembe na shoka, leo anakwenda kunisema barazani. Kesi ni keshokutwa.

Nimeshinda nikifikiri. Nikisema bati ni langu, nitaambiwa nilipe mbuzi na choo. Nikisema si langu, silipi kitu. Basi! Jambo rahisi namna hii, nashangaa watu wengine wanashindwa kesi zao kwa nini.

Mwanakheri ameniuliza nimepata shauri gani. Nimemwambia angoje aone.

Alhamisi, 17 Aprili

Baraza limefanyika kwa Jumbe Mwinyimadi. Watu walijaa kuliko siku ya kodi. Mwishehe alieleza mambo yake taratibu, bila kupaza sauti. Hiyo ndiyo tabia yake inayoniudhi kuliko zote. Mtu akipaza sauti unajua pa kumshika.

Jumbe akaniuliza nina la kusema. Nikasimama wima, mikono ubavuni. Nikasema bati hilo silijui.

Baraza zima likageuka kutazama nyumba yangu, maana toka kwa jumbe paa langu linaonekana. Mabati saba, na pengo. Jumbe akauliza pengo lile ni la nini. Nikamjibu kwamba ni dirisha la juu, la kuingiza mwanga, jinsi nilivyoona Nairobi.

Mwanakheri alikuwa nyuma kule kwa wanawake. Nilimwona akijifunika uso kwa kanga.

Jumbe akakuna kidevu, akasema basi, bati halina mwenyewe. Na kwa kuwa limeangukia kwa Mwishehe likamharibia choo, Mwishehe alitumie kuezekea choo hichohicho, mpaka mwenye bati atokee. Watu wakasema vyema. Na mimi, kwa kuwa nilikwisha kuwa mtu asiyehusika, ikabidi niseme vyema.

Nilifika nyumbani nimeshinda kesi. Baada ya alasiri mvua ikanyesha. Dirisha langu la Nairobi likaingiza mvua yote kitandani, upande wa Mwanakheri.

Kutoka mlangoni naliona bati langu pale juu ya choo cha Mwishehe. Linang'aa. Choo chake sasa kinapendeza kuliko nyumba yangu. Nimekosa hata hamu ya kula.

Ijumaa, 18 Aprili

Mpango mpya. Wanaume wote wako msikitini kwa sala ya Ijumaa. Mimi nikajisingizia tumbo. Navuka ua, napanda choo, nang'oa bati, nalificha chini ya kitanda, watu wakirudi watasema upepo umelichukua tena. Nani atashitaki upepo?

Mambo yalikwenda vizuri mpaka nilipofika juu. Nimekalia ukuta wa udongo, mguu huku na mguu huku, nimeshika bati kwa mikono miwili. Nikalivuta. Likalia kwaaa!

Sauti ikatoka ndani ya choo: "Nani huyo?"

Bi Biubwa! Mama yake Mwishehe, mzee wa watu, hata macho hayaoni vizuri. Nilimsahau kabisa. Nikakauka. Nilitaka ninyamaze, lakini mdomo ulinitangulia.

"Upepo, mama," nikasema. "Shikamoo."

"Marahaba," akajibu.

Halafu akapata akili, akapiga yowe lililofika mpaka msikitini. Mimi nikashtuka, ukuta ukashtuka pamoja nami, tukaanguka wote upande wa nje. Namshukuru Mungu hatukuangukia ndani. Bi Biubwa hakuguswa hata na kidongo. Alibaki amechuchumaa palepale, anga lote liko wazi, akinitaja kwa jina langu, na la baba yangu, na la babu yangu ambaye hata mimi sikumjua.

Wanaume wakarudi wakanikuta nimelala kwenye kifusi, bati juu yangu. Mwishehe akamwinua mama yake, akampangusa vumbi, akampeleka ndani. Hakunitazama. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 19 Aprili

Mwanakheri amekwenda Mlandizi kwa kaka yake Adamu. Alifunga furushi lake. Nikamwuliza anakwenda kwa muda gani. Akasema, "Baba Biasha, mimi mvua naivumilia. Lakini Bi Biubwa ndiye mkunga aliyenikalisha wakati Biasha anazaliwa. Leo nipite mbele yake na uso gani?"

Nikamweleza kwamba kosa ni la ukuta. Udongo ule haukukandwa vizuri.

Akabeba furushi akaondoka.

Usiku nimekula muhogo wa jana. Mvua tena. Nimehamia upande mkavu wa kitanda, lakini upande mkavu ni wangu siku zote. Mtu hujizoesha kusikia mwenzake akikoroma. Haya yote kayaleta Mwishehe!

Jumanne, 22 Aprili

Nimetoka Kisarawe, barazani kwa liwali. Nilitangulia na lori la muhogo, Mwishehe akaja nyuma kwa miguu. Jumbe alikuwa ameipeleka kesi huko, akisema yake yamemwishia.

Safari nzima nilipanga maneno. Sasa nitasema bati ni langu, maana nalitaka. Na mwenye kosa atakuwa Mwishehe. Kwa nini? Kwa sababu mwaka jana alikata mikorosho miwili iliyokuwa ikiukinga upepo. Njia ya upepo kaifungua yeye. Upepo ni wake!

Liwali ni mtu mnene, mpole, ana miwani. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo jumbe hakuwahi kunifanyia. Nikaona nimefika kwa mwenye elimu.

Akasema: "Kwa hiyo upepo ulipita kwa Mwishehe ukaja kwako."

"Ndiyo, bwana liwali."

"Kisha ukachukua bati kwako ukalipeleka kwa Mwishehe."

"Ndiyo, bwana liwali."

"Sasa upepo huo, Zahoro, ulikuwa unakwenda wapi?"

Watu wakacheka mpaka karani akaangusha kalamu. Liwali hakucheka. Akaniuliza mbona Alhamisi nilimwambia jumbe bati silijui. Nikamwambia Alhamisi nilikuwa sijalitazama vizuri.

Kisha akatoa hukumu. Akasema upepo ni amri ya Mungu. Mwenye bati hakulituma, mwenye mbuzi hakumfunga mahali pabaya. Kila mtu abebe hasara yake. Ningesema hivyo tangu siku ya kwanza, ningerudishiwa bati langu palepale, wala nisingelipa hata unywele wa mbuzi. Lakini kusema uongo mbele ya jumbe haikuwa kazi ya upepo. Kuuangusha ukuta mama wa mtu akiwa ndani haikuwa kazi ya upepo. Kwa uongo, faini. Kwa ukuta, nijenge choo kipya kwa mikono yangu, na nikimaliza ndipo nipewe bati.

Kumbe nilikuwa nimeshinda! Nilikuwa nimeshinda tangu Jumatatu, nimelala kitandani! Na hakuna mtu hata mmoja aliyeniambia!

Mwanakheri aliniambia kitu Jumatatu, lakini si hicho.

Jumatatu, 28 Aprili

Nachimba. Nakata fito. Nakanda udongo. Watoto wanapita wakisema, "Upepo, shikamoo!" Nimewarushia donge la udongo, likampata jumbe.

Bi Biubwa ameweka kigoda chake kivulini kusimamia kazi. Macho hayaoni, lakini kila fito iliyopinda anaijua. Nimefumua ukuta mmoja mara mbili.

Leo Mwishehe amekuja na birika la chai na muhogo wa kuchemsha. Akakaa chini. Tukanywa. Halafu akasema, kwa sauti yake ileile ndogo: "Zahoro ndugu yangu, mbuzi yule nilimfuga mwenyewe tangu mama yake alipokufa. Siku ile nilikuwa nangoja useme pole. Ungevuka tu ule ua ukasema pole, nisingetaja fidia tena maisha."

Nikaona udongo umeniingia machoni. Nikatazama pembeni mpaka umetoka.

Nikamwambia na yeye angenipa pole ya bati. Akafikiri. Akasema kweli, hakunipa. Pole kwa bati, Zahoro. Hivyohivyo, bila shida! Nikabaki nimeshika kikombe. Mwisho nikasema pole ya mbuzi. Ilitoka kama jino, lakini ilitoka. Nikavuka mpaka kwenye kigoda, nikampa pole na Bi Biubwa pia. Akasema amesikia, nirudi kwenye fito.

Jumatano, 30 Aprili

Choo kimekwisha. Cha udongo, paa la makuti, kizuri, kimesimama wima. Mwishehe amenisaidia kulibeba bati mpaka kwangu, tukalipandisha pamoja, tukalipigilia pamoja, tena kwa misumari yake mwenyewe. Akaniambia kesho ana safari ya Mlandizi kununua mbuzi jike mdogo. Atapita kwa Adamu, amweleze Mwanakheri kuwa mambo yamekwisha.

Nikamkosoa namna anavyoshika nyundo.

Jumamosi, 3 Mei

Mwanakheri amerudi jana! Mwishehe kamleta, yeye mbele na mbuzi, Mwanakheri nyuma na furushi. Alipita kwanza kwa Bi Biubwa, wakakaa sana. Kisha akaja kwangu, akatazama juu, hakuona pengo. Akanipikia wali. Niliwaambia wote kwamba Zahoro wa zamani amekwisha. Ugomvi wa majirani basi. Nilisema kwa moyo mweupe.

Leo saa nne upepo umevuma. Ua wa makuti wa Tatu, yule mjane muuza vitumbua anayekaa upande wetu wa mashariki, umelala wote juu ya nyanya zangu. Wote! Nyanya zilizokuwa zinaanza kupendeza!

Tatu amekuja mbio, anatweta, anasema pole sana shemeji, pole sana, atanisaidia kuusimamisha. Na kikapu cha vitumbua mkononi.

Nikaona mara moja. Pole ni kukiri kosa. Amekiri! Mbele ya Mwishehe, aliyekuwa amesimama hapo na mbuzi wake mpya! Nimevipokea vitumbua, nimevila, vitamu, havihusiani na kesi.

Mwishehe alisema tushike makuti tuinue ua, kazi ya muda mfupi. Nimewazuia. Kitu kisiguswe mpaka jumbe aone. Na safari hii nitasema kweli tupu: nyanya ni zangu, shamba ni langu, ua ni wa Tatu. Habari ya upepo sitaitaja kabisa. Liwali mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba upepo unaharibu kesi.

Shahidi wangu wa kwanza ni Mwishehe. Bado sijamwambia.

Nimekaa kibarazani naandika idadi ya nyanya, zilizoiva, mbichi, na zile ambazo zingetoka mwezi ujao. Mwanakheri yuko chumbani anafungua furushi lake. Amechungulia akaniuliza naandika nini. Nikamwambia hesabu ya nyanya.

Amesimama kidogo mlangoni. Sasa namsikia analifunga tena.