Picha ya Thelathini na Sita

"TINGATINGA ALAMBISHWA SAKAFU RAUNDI YA PILI!"

Redio alisoma kwa sauti iliyovuka soko zima la Mkuyuni. Redio ni Mzee Otuoma, muuza kahawa wetu. Mkono mmoja gazeti, mwingine birika.

"Uongo!" Tingatinga akaruka kutoka kwenye benchi. Jina lake ni Malimi, bondia wa kijiwe chetu. "Niliteleza! Ukumbi ulikuwa na maji!"

"Maji yenye glovu?" aliuliza Profesa, yaani Chenge fundi baiskeli, aliyeiacha shule darasa la nne.

"Gazeti lenyewe limezaliwa juzi, hata meno halijaota!" Tingatinga alifoka. "Picha iko wapi?"

Wote wakanigeukia mimi, ambaye wananiita Kimya. Nikaikalia bahasha yangu ya picha za pambano.

Mhariri wa gazeti hilo alinipa filamu moja: nikimpelekea picha moja safi kabla ya saa sita mchana, kazi ninayo. Chuoni nilisomea uandishi. Kupiga picha ndiyo kwanza najifunza, studioni kwa mjomba, ambako watu hukaa wakatulia.

"Lete, mwanangu," alisema Redio. Mzee kama yeye simkatalii.

Profesa akachomoa ya kwanza. "Huu moshi wa nini?"

"Ni ngumi," nilinong'ona. "Taa zilikuwa hafifu, na flashi nilikatazwa."

"Na hii?"

"Refa."

"Lefa gani ana miguu minne?"

"Refa, siyo lefa," Redio akamsahihisha.

"Mwenye miwili ndiye refa. Huyu wa minne ni lefa!"

Benchi likatikisika. Hata mimi nilicheka, huku machozi yakinilengalenga. Nikawaeleza kosa langu: nilikuwa nabonyeza nikiiona ngumi, kumbe ukiiona imeshapita. Thelathini na tano ziliharibika hivyo hivyo.

"Na ya thelathini na sita?"

Nikaitoa polepole. Safi kabisa! Tingatinga kasimama wima ulingoni, kidevu juu, meno yote nje, anatazama kamera. Karibu na shavu lake kuna kitu kama wingu jeusi.

"Wingu la nini?"

"Ngumi. Ndiyo inafika."

"We Malimi! Katikati ya pambano ulikuwa unamchekea nani?"

"Mimi," nikasema, nikitazama viatu vyangu. "Ni mazoea ya studio. Nilimwita, 'Kaka, tazama hapa, tabasamu!' Akatii. Nisamehe, kaka Malimi. Ukikataa, siipeleki."

Profesa alidondoka kutoka kwenye benchi na kikombe chake. "Kapigwa na kamera! Jamani, dada Kimya ndiye bingwa wa Mwanza! Apewe mkanda!"

"Na mimi nimpe kahawa ya bure," akasema Redio, akijifuta machozi kwa gazeti.

Tingatinga hakucheka. Aliichukua picha, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Shavu lilikuwa bado limevimba. Saa ya Redio ilisema saa sita kasorobo, nami nilikuwa nangoja aichane.

"Kwa hiyo sikuteleza," alisema.

"Hukuteleza, kaka."

"Mbona nimetoka vizuri hivi?"

"Umetoka vizuri sana."

"Basi kimbia kwa huyo mhariri wako. Ila nakala nyingine nisafishie mimi, nimpelekee mama yangu kule Bujora." Akalifunika lile wingu kwa kidole gumba. "Hapa tu pakate. Mama nilishamwambia nimeshinda."