Barabara Inapitika

Jumatatu, 5 Mei. Kitale.
Bahati! Nimebomoa kipande cha dari ya hii nyumba ya kizamani ninayokodi. Walianguka panya, halafu majarida ya habari ya walowezi, ya zaidi ya miaka mia iliyopita. Nimesoma mpaka chai ikapoa. Ukurasa mzima: gavana amekula na nani, farasi wa nani ameshinda. Chini kabisa, mstari mmoja: wapagazi arobaini wamekufa kwa kuhara; barabara inapitika. Basi! Hakuna jina, hakuna lawama. Hao walijua kazi. Jarida langu linakufa kwa sababu ya kuuliza maswali. Nimeacha kuuliza leo.

Jumatano, 7 Mei.
Mheshimiwa mbunge amependa mtindo mpya. Atachukua nakala zote nikiipa jalada hafla yake ya chai ya kesho kule Matulo. Nasike, mke wangu, kwao ni huko huko. Ameuliza kama nitaandika pia kwamba mvua imechimba nguzo za daraja lao. Nimemwambia jarida la heshima haliandiki nguzo. Amenitazama kama mbuzi aliyeingia kanisani.

Ijumaa, 9 Mei.
Daraja limeanguka jana jioni. Mheshimiwa alikuwa ameshavuka, Mungu ni mwema. Watu wawili wa bodaboda wamebebwa na maji. Wilkista, mpinzani wangu mwenye jarida la Bungoma, amekaa kwenye matope tangu alfajiri akiuliza majina. Akanipigia simu ati anayo, niyasikie kabla sijachapisha. Mjanja! Anataka nimshukuru hadharani. Nikakata. Akapiga tena. Nikazima. Jalada: Chai Iliyofana. Chini, mstari mmoja: wenyeji wawili wamepotea mtoni, barabara ya juu inapitika. Safi kabisa!

Jumamosi, 10 Mei.
Mmoja wao ni Bramwel. Kaka yake Nasike. Bramwel aliyenifundisha pikipiki, akanicheka nilipoingia mtaroni, kisha akanitoa. Wilkista ndiye aliyemwambia Nasike.  Nasike alikunja leso yake moja, akaenda kwao. Nimelia bafuni huku nimefungulia maji. Nimekimbilia nakala, nizichome zote. Mheshimiwa ameshazigawa. Matulo.

Jumamosi, 17 Mei. Matulo.
Maziko. Jarida langu liko kila mahali, wengine wamelikalia. Wazee hawakunitusi. Walinipa kiti na chakula, wakaninyima mkono. Mama mkwe na mimi hatutazamani, ndiyo heshima ya ukwe kwao. Kwa hiyo alisema akiwa nyuma ya ukuta wa jikoni, uwanja wote ukisikia: "Mukwe, huyo mwenyeji wako, si alikuwa na jina? Hebu ritaje."  Nilikunja jarida lililokuwa mguuni pangu. Nasike ndiye aliyelitaja, kisha akaingia jikoni kwa mama yake. Nilimngoja mpaka viti vikakusanywa.

Jumatatu, 19 Mei. Kitale.
Nyumba kimya. Hata panya wamehama. Wilkista ameweka picha ya Bramwel jalada zima, jina lake juu, na swali kuhusu nguzo. Watu wanalipigania jarida lake. Nimewaza sana, na kosa langu nimeliona: karatasi! Ilikuwa duni mno, wino ukachuja. Nimeagiza nzito. Jalada: Mheshimiwa Aomboleza na Wananchi. Picha yake, ameshika shada la maua. Chini kulibaki nafasi ya mstari mmoja, nikaujaza: mke mmoja hajarudi, barabara inapitika.