Damu ya Kiume Ndiyo Inayopika Nyama ya Harusi

Jumatano, tarehe 4 Desemba.
Harusi ya binti wa chifu ni Jumamosi. Ng'ombe wawili! Kikaoni wameuliza nani asimamie vyungu. Nikasimama kabla swali halijaisha. Mwanangu Oagile, nikasema. Babu alipika, baba alipika, mimi nimepika harusi arobaini na hakuna aliyekufa. Ni kitu cha damu. Galeboe, adui yangu tangu tuchunge ndama, akacheka. Eti Oagile ni karani wa posta, hata maji ya chai yanamshinda. Nikamjibu simba hafundishwi kunguruma. Haya, akasema, nyama ikiharibika nimwachie mwiko wangu wa harusi na kiti changu cha mbele kikaoni. Nimekubali. Mbele ya watu wote!

Alhamisi, tarehe 5.
Mpwa wangu Sethunya, muuguzi, kaja kunipima presha. Nikamweleza habari za damu. Akasema mjomba wee, mtoto huchukua nusu kwa baba na nusu kwa mama, na kupika hakumo kokote, hufundishwa. Oagile nimemfundisha lini? Swali gani hilo! Mimi nilifundishwa na nani? (Na baba, kwa fimbo, miaka sita. Hiyo haihesabiki.) Nusu ya mama ni pua tu.

Ijumaa, tarehe 6.
Nimempa Oagile chungu kidogo ajaribu. Akauliza nyanya ziko wapi. Nyanya! Nyama ya harusi ni maji na chumvi, kisha unaiponda kwa mti mpaka iwe nyuzi. Mkewe Boingotlo, mjamzito, akachungulia dirishani: baba, moto umezidi. Nikamkumbusha mwanamke hasogelei vyungu vya wanaume. Nyama ikaungua. Mbwa kanusa, kaondoka. Kosa ni la kuni. Damu yetu hutaka umati.

Jumapili, tarehe 8.
Jana vyungu vilikauka maji. Moshi! Oagile akakimbilia chooni. Mimi nilikuwa nawasimulia wageni habari za babu. Galeboe keshanyoosha mkono kudai mwiko. Ndipo Boingotlo akapita katikati ya wanaume, tumbo mbele, nani amsukume? Akahamisha nyama ya juu, akaacha iliyoshika chini, akatia maji ya moto, akatoa kuni, akaponda mwenyewe. Wazee wakanuna. Wakala. Wakaomba tena. Galeboe aliramba vidole, nilimwona!

Wakamuuliza amejifunzia wapi. Kwa baba yake, akasema, hakuwa na mtoto wa kiume, akamkalisha kando ya moto tangu ana miaka saba. Chifu akaamua mwiko ni wake. Na kiti cha mbele pia, maana mjamzito hasimami. Leo mimi na Galeboe tumekaa nyuma, karibu na mbuzi.

Lakini mimi si mjinga. Nimewaeleza wote: Boingotlo hakupika kitu. Mle tumboni yumo mjukuu wangu wa kiume. Ndiye aliyepika, mama alimwazima mikono tu. Sethunya akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema kipimo cha hospitali kimeonyesha ni msichana.

Kipimo kimekosea. Nyama ile niliionja mwenyewe.