Mwiko Uliong'aa Kupita Kiasi

Jumanne, 16 Aprili
Mvua. Siku ya nne mfululizo. Harusi mbili zimeahirishwa, na mpiga picha wa harusi bila harusi ni mtu tu mwenye mkoba mzito. Kisha, tumaini! Mama Ayuma, mwenye hoteli karibu na soko, anataka picha tatu kubwa za vyombo vya jikoni azitundike ukutani. Atachagua Ijumaa. Bahati mbaya amemwambia George pia. George jirani, niliyemfundisha kamera mimi mwenyewe, na siku hizi hunisalimia kwa kidole kimoja.

Jumatano, 17 Aprili
Mke wangu Roda ameenda kazini. Jikoni nimebaki mfalme. Giza kama ndani ya gunia. Nimefungua dirisha nipate mwanga, nikapata mvua. Shati na suruali chapachapa! Nimevivua, nimevianika, nimeendelea na kazi. Sufuria nimeisugua kwa majivu mpaka ikawa kioo. Mwiko ukakataa kung'aa. Nikaupaka polishi ya viatu, ile ya kahawia. Loo! Dhahabu tupu! Nimemhurumia George.

Alhamisi, 18 Aprili
Msiba. Shangazi yake Roda amefika kutoka Khwisero na ingokho, kuku wa kienyeji, kwapani. Roda akasonga obusuma, ugali wetu. Kwa mwiko upi? Ule ule. Sikuwa nimeuosha. Nilikumbuka chakula kikiwa mezani, nikaamua kunyamaza, pengine hawatagundua. Shangazi alimeza tonge moja, akafumba macho.

“Mkwe wangu, hapa mahindi mnayaweka ndani ya viatu?”

Nikasema ni mbegu mpya. Roda akanishika mkono, akanusa vidole vyangu. Nimehamishiwa kwenye kochi. Kochi ni fupi.

Ijumaa, 19 Aprili
Mama Ayuma aliishika picha ya sufuria kwa muda mrefu. Nikadhani imemgusa moyo. Akauliza kwa upole yule mwanamume mwenye chupi ndani ya sufuria ni nani. Nikainama, nikatazama. Mimi! Mzima mzima! Nikasema ni kivuli. Akasema kivuli hakina kitovu. Wateja waliacha chai zao, wakaja kuhakikisha.

George amepata kazi. Amepiga picha ya kikombe cha bati kilichobonyea, hata hakukiosha. Nimerudi nyumbani kwa miguu, kwenye mvua, polepole. Sikuwa na sababu ya kuharakisha.

Jumapili, 21 Aprili
Roda amenisamehe kwa sharti moja: nisiguse tena chombo chochote cha jikoni mwake. Nimeapa mbele ya shangazi, machozi yakinilengalenga, na kila neno nimelimaanisha.

Kanisani tumekaa nyuma. Mahubiri marefu. Mwanga wa dirisha ukaviangukia vikombe vya ushirika. Uzuri ulioje! Ila vimefifia kidogo. Baada ya ibada nimemuuliza Mzee Masinde, mlinzi wa kanisa, kabati la vikombe hufungwa na nani.

Halifungwi.