Nani Anatia Sabuni Tangini?

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeshinda. Tangi langu liko dirishani, cherehani ya mke wangu iko koridoni gizani. Tumekubaliana: samaki wakikaa kwa amani hadi Jumapili, dirisha ni langu moja kwa moja. Akijeruhiwa hata mmoja, tangi litoke, cherehani irudi. Alikubali haraka mno. Sijapenda.

Ni samaki wa aina ya beta, majike watano. Muuzaji amenieleza kwamba madume huuana wakiwekwa pamoja, lakini majike huvumiliana wakiwa wengi na wakipata majani ya kujifichia. Majani sikununua. Samaki wa kujificha ni wa nini? Nataka jirani yetu Kinyozi awaone vizuri. Yeye ana beta mmoja tu kwenye chupa, na anavyotamba utadhani ana ng'ombe.

Nimpendaye zaidi ni yule mwekundu mwenye mapezi marefu. Nimemwita Mpole. Mama mkwe, aliyekuja kutusalimia na hajasema anaondoka lini, ameniuliza kama nina hakika hao wote ni wanawake. Nikajibu kwa heshima kwamba ndiyo, mama. Akaguna. Mguno ule una jambo.

Jumanne, 5 Machi

Povu! Juu ya maji, kwenye pembe, povu jeupe limejikusanya. Mtu ametia sabuni. Nimelinusa, halina harufu. Sabuni isiyo na harufu! Huyu mtu amejipanga.

Ndani ya nyumba hii nani anapenda kufua kuliko kula? Mama mkwe. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimelitoa lote kwa kijiko. Mpole alikifuata kijiko akikidonoa kwa hasira. Maskini, hata yeye hapendi uchafu.

Jumatano, 6 Machi

Povu limerudi, tena kubwa zaidi. Na mkia wa Karani, yule wa buluu, umechanika. Nimeumia moyo, maana ndiye pekee anayekuja kwenye kioo nikimwita. Mchaniko wenyewe umenyooka. Nani hapa ana mikasi? Mke wangu, fundi cherehani. Mama na mwana wameungana.

Mezani nikauliza kwa ujanja kama mtu anaweza kumkata samaki mkia bila kulowa mikono. Mke wangu akauliza kama nina homa. Hilo si jibu.

Nimekusanya sabuni zote na mikasi yote, nikafungia kabatini. Ufunguo uko shingoni mwangu.

Alhamisi, 7 Machi

Nyumba haikaliki. Mama mkwe ameoga maji matupu. Mke wangu ana gauni la harusi la kukata, mteja amekuja, mkasi hakuna. Amekata uzi kwa meno huku akinitazama mimi.

Na povu lipo! Sabuni ziko kifungoni na povu lipo. Basi ni mtu wa nje. Juzi Kinyozi alipita kuomba chumvi. Kinyozi na chumvi wapi na wapi? Nimemwaga unga sakafuni mbele ya tangi. Kesho nitasoma nyayo.

Ijumaa, 8 Machi

Mama mkwe ameamka mapema, akafagia unga wote. Eti nyumba ya mwanawe si mashine ya kusaga. Amefagia ushahidi. Sasa najua wako watatu.

Nikamwita Kinyozi nimsome uso. Akachungulia tangi, akacheka hadi akashika ukuta. Eti Mpole ni dume. Eti lile povu ni kiota, dume hulipuliza kwa mdomo ili mayai yakae humo, na anawararua wenzake kwa kulinda nyumba yake ninayoibomoa kila siku. Akajitolea kumchukua. Hapo nikamwelewa. Kumbe anamtaka Mpole wangu! Nimemsindikiza mlangoni kwa adabu, na mlango nikaufunga kwa komeo.

Jumamosi, 9 Machi

Karani amekufa. Nimemkuta nyuma ya pampu, mapezi yote yameliwa. Nimelia, sifichi. Wenzake watatu wamejibana kona moja, na Mpole anazunguka peke yake chini ya povu.

Mke wangu alimnasa Mpole kwa chujio la chai, akamtia kwenye jagi, akamkabidhi Kinyozi pamoja na jagi letu. Kisha yeye na mama yake wakapunguza maji, wakalibeba tangi hadi koridoni. Nilitaka kupinga nikakumbuka makubaliano. Nimewapa ufunguo.

Jioni majike wametulia ajabu, na povu hakuna. Yaani mama na mwana wamepata dirisha lao, hujuma zikakoma. Mwenye macho haambiwi tazama.

Jumapili, 10 Machi

Nimekwenda kwa muuzaji kulalamika. Ameapa kwamba aliniuzia majike watupu. Kwa hiyo Mpole halisi alibadilishwa humu humu ndani. Nilijua!

Mke wangu amesema nikileta samaki mwingine nitalala naye koridoni. Lakini nafasi ya Karani haiwezi kukaa wazi. Muuzaji amenichagulia jike mtulivu wa kijani, mapezi marefu kuliko hata ya Mpole. Alikuwa peke yake chupani, na juu ya maji yake povu zuri, safi. Amesema hiyo ni dalili ya afya. Na kweli, linaonekana kabisa si la sabuni kama la nyumbani kwangu.

Nimemwingiza nyumbani chini ya shati, sasa yuko na wenzake. Safari hii sitaki mchezo. Sabuni zote nalala nazo.