Lami Hadi Getini kwa Mwenyekiti

Kwa idhini ya Kikao Kamili, natangaza kwamba Halmashauri ya Wilaya ya Corrabin na Tilga imetimiza miaka mia moja ya kuwatumikia wananchi, na kwamba wananchi walio wengi wameivumilia huduma hiyo vizuri. Nimeombwa niandike historia fupi. Aliyeniomba ni mimi mwenyewe, kwa kuwa mimi ndiye Katibu, na siku hizi ni vigumu kumpata mtu mwingine mwenye busara ya kuniomba jambo kama hilo.

Historia yetu inaanza siku waungwana saba wenye kondoo walipoketi katika baa ya Corrabin na kukubaliana kwamba wao ni serikali. Kabla ya hapo bonde hili lilikuwa na watu kwa makumi ya maelfu ya miaka, lakini watu hao hawakuacha ajenda wala muhtasari wa kikao hata kimoja, hivyo Kamati ya Historia ilishindwa kuthibitisha kwamba walikuwepo. Wajukuu wao bado wanaishi ng'ambo ya Kijito cha Mullen, na kwa miaka mingi walikuja kutuuliza habari za daraja. Tuliwajibu kwa adabu.

Baadaye serikali ya jimbo, ambayo huunganisha halmashauri kila inapokosa la kufanya, ilituunganisha na Tilga. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na sisi tuliamriwa hata zizi tulijenge wenyewe. Watu wa Corrabin walikataa katakata kwenda Tilga kulipia leseni ya mbwa. Watu wa Tilga walisema wangekubali kuja Corrabin wakiwa kwenye jeneza tu, na hata hapo wangetaka kuulizwa kwanza. Ukapatikana muafaka wa kihistoria: makao makuu yalijengwa katikati kabisa ya miji hiyo miwili, ndani ya shamba la ngano, mahali asipoishi mtu. Mpaka leo hakuna mwananchi anayeweza kufika ofisini kwetu kwa miguu, jambo ambalo limeinua sana kiwango cha utulivu kazini.

Lakini fahari yetu kubwa ni barabara. Wilaya nyingine huweka lami kwa kuhesabu magari, elimu ya vitabuni hiyo. Sisi tunafuata heshima. Mwenyekiti akichaguliwa, lami hutoka barabara kuu, inakwenda mpaka getini kwake, na hapo inakoma. Ukitaka kujua ni nani na nani wamewahi kututawala, huna haja ya kufungua kitabu. Endesha gari tu. Lami inapoishia pana geti, na nyuma ya geti pana familia ya mwenyekiti, hai au marehemu. Hospitali ya Tilga ilikuwa na barabara ya changarawe, kwa kuwa hakuna mwenyekiti aliyewahi kuishi pale, isipokuwa katika siku zake za mwisho.

Desturi hii haikuwa imeandikwa popote. Aliyeliona pengo hilo ni Murray Strickland wa Corrabin, mwenyekiti wetu wa muda mrefu, ambaye lami yake ilikuwa imeanza kupasuliwa na malori yake mwenyewe ya ngano. Wakati huohuo mkaguzi mmoja wa jimbo alikuwa ameanza kutuuliza maswali ya kitoto, kama vile kwa nini. Nikaketi nikaandika Sheria Ndogo ya Heshima ya Geti. Ilisema kwamba lami itafika kwenye geti la Mwenyekiti aliye madarakani, pawe na vikwazo vya asili au pasiwe. Kwamba fedha za barabara zitaanzia huko. Na kwamba mtu yeyote asiiguse sheria hii kabla ya uchaguzi wa pili kuanzia sasa. Vikwazo vya asili niliviweka kwa sababu ya kilima kidogo ambacho Murray hakupenda kukipanda.

Madiwani wanne wa Corrabin waliunga mkono kwa sababu Murray ni wao. Wanne wa Tilga waliunga mkono kwa sababu walikuwa wamekwisha kupanga kumng'oa. Akabaki diwani wa tisa, Merle Dargan, mama mtu mzima wa kata ya Ng'ambo, ambaye watu wa kwao wote humwita Shangazi. Aliinua mkono akauliza kama sheria hiyo ni ya mwenyekiti yeyote.

"Yeyote, Merle," Murray alisema, biskuti mdomoni. "Hata wewe."

Ukumbi mzima ulicheka. Mimi pia nilicheka, kwa kiwango kinachoruhusiwa kwa mtumishi wa umma.

Haki itendeke: Diwani Merle alikuwa na hoja moja tu, na alituchosha nayo. Kaka yake, Les, figo zake zilikuwa zimegoma, na ili aishi ilibidi apelekwe hospitali ya Tilga kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu, wiki baada ya wiki. Mvua iliponyesha Kijito cha Mullen kilijaa, gari la wagonjwa likasimama upande huu, na Les akabaki upande ule akivimba miguu. "Siku moja kaka yangu atakufa huku analitazama gari lililokuja kumchukua," alikuwa akituambia. Hatukumpuuza hata kidogo. Tuliunda Kamati Ndogo ya Unyevu wa Kijito, ikaenda kukagua katikati ya kiangazi, ikaripoti kwamba kijito ni kikavu na kwamba malalamiko yametiwa chumvi.

Uchaguzi ulipofika, wananchi walijipanga, wakapiga kura, wakala soseji zao kwenye mkate na vitunguu, kama ilivyo desturi ya siku ya kura, wakarudi nyumbani wakidhani wamefanya jambo. Waliwarudisha madiwani walewale. Katika kikao cha kwanza tulipaswa kumchagua mwenyekiti kati yao. Corrabin wanne kwa Murray. Tilga wanne kwa Colin Auld, mwenye bucha. Merle alisema hampigii kura mtu ambaye hajavuka kijito. Tukarudia. Wanne kwa wanne. Mpaka mchana mikate ilikuwa imekwisha na watu wazima walikuwa wameanza kutajiana wazazi.

"Heri nimchague mbwa wangu," Murray alisema, "kuliko huyu muuza mifupa."

"Mbwa wako yuko kwangu," Colin akamjibu. "Alihama mwenyewe. Kwangu anashiba."

Hapo ndipo busara ya utumishi ilipohitajika. Nilimvuta Colin pembeni, kisha nikamvuta Murray, kila mmoja kwa wakati wake, nikawapa shauri moja: wampe Merle kiti kwa kipindi hiki. Atakata utepe, atafungua maonyesho ya maua, atapiga picha na kondoo bora. Kisha wao wataendelea na vita vyao kwa raha.

"Ana madhara?" Colin aliuliza.

"Hana. Anaongelea daraja tu."

"Ilimradi si yule," Murray alisema. Nilimwona ameridhika kabisa.

Merle alichaguliwa kwa kura zote tisa, ikiwemo yake. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Kwetu, tembo walichoka wakazipa nyasi kiti. Nilijipongeza kwa chai.

Alipoketi tu, aligeukia upande wangu.

"Katibu, hebu nisomee ile ya Heshima ya Geti. Taratibu, baba, mimi sina haraka."

Nilisoma. Nilipofika penye vikwazo vya asili, Colin alishusha kikombe. Murray alinitazama kwa namna isiyolingana na urefu wa utumishi wangu.

"Kwangu ni ng'ambo ya kijito," Mwenyekiti mpya alisema. "Lami haijui kuogelea. Mtaijengea daraja."

Serikali makini haikati tamaa. Siku ileile nilimtuma mhandisi, naye akaleta habari njema: Mwenyekiti hana geti. Hana hata uzio. Nyumba yake imekaa tu hivi, na watu wanaingia kutoka kila upande bila utaratibu. Pasipo geti hakuna lami, na pasipo lami hakuna daraja. Murray alininunulia bia, jambo ambalo halijawahi kurudiwa. Nilimpigia Merle simu kumpa pole.

"Geti tu?" alisema. "Haya. Njooni kesho."

Kesho yake mimi na mhandisi tulivuka kijito kwa kurukaruka mawe. Mbele ya nyumba, nguzo mbili zilikuwa zimesimikwa peke yake ardhini, na katikati yake palining'inia fremu ya kitanda cha chuma, kwa bawaba. Kushoto hapakuwa na uzio. Kulia hapakuwa na uzio. Les alikuwa ameketi kando kwenye kiti, mkono umefungwa bandeji.

"Karibu, bosi. Pita getini."

"Les, hapa naweza kupita pembeni."

"Unaweza. Umelelewa hivyo?"

Nililifungua. Lililia. Nikapita, nikalifunga nyuma yangu, maana sikutaka kuonekana mshenzi. Mhandisi alilizunguka mara mbili, akalisukuma, akanong'ona kwamba linafunguka, linafungika, na kwa mujibu wa viwango ni geti.

"Kitanda cha nani hiki?" niliuliza.

"Changu. Nilikuwa nafia juu yake polepole," Les alisema. "Nikaona bora kisimame kifanye kazi."

Hatukuwa na pa kutokea. Daraja lilijengwa, na lami ikapita juu yake mpaka kwenye kitanda cha Les. Mvua ya kwanza ilipokuja, kijito kilifurika kama ilivyo kawaida yake, na gari la wagonjwa likavuka likiwa kavu, likamchukua Les, likamrudisha jioni akilalamikia chakula cha hospitali. Kwa upande wa Halmashauri tulisikitika, lakini tulipiga picha.

Tulidhani yamekwisha. Tulisahau kwamba sheria yangu ilisema geti la Mwenyekiti, na haikusema likae wapi. Les na wapwa zake waling'oa nguzo, wakapakia geti kwenye pikapu, wakaenda kulisimika mbele ya hospitali ya Tilga. Lami ikalifuata. Kisha wakalipeleka kwenye shule ya Corrabin. Watu wa miji yote miwili, ambao kwa miaka mia hawakuwahi kukubaliana hata saa ya chai, walianza kuja ofisini kwa pamoja, katikati ya ngano, kupanga foleni ya kuliomba geti.

Huku nyuma, barabara ya Murray haikuwa na fungu hata la ndoo ya kokoto. Malori yaliivunja, mvua ikaimalizia, na msimu wa mavuno madereva wakasema hawaingizi magari yao kwenye tope lile. Siku moja Murray alitokea kwenye foleni. Alipofika mbele, alivua kofia.

"Merle, ngano yangu inaoza. Nakuomba uniletee geti. Wiki moja tu."

"Kwako si pana geti, Murray? La chuma. Limeandikwa jina lako."

Murray aliikunja kofia, akaikunjua.

"Halifanyi kazi," alisema.

"Pole," Mwenyekiti alisema. "Utakuja baada ya shule ya Tilga na makaburi. Anayefuata?"

Nilikuwa mimi. Nyumba yangu iko barabara ileile ya Murray. Nilikuwa nimeijenga huko kwa ajili ya lami.