Ufunguo wa Kabati la Chai

Jumatatu, 9 Juni

Wiki ya saba ya mafunzo ya kazi. Kazi nilizofanya: chai. Chai. Kupeleka mhuri ghorofa ya pili, kuurudisha. Chai. Ijumaa mwalimu wa chuo anakuja kukagua daftari langu la kazi, na kurasa ni nyeupe pe! Akilikataa, narudia muhula. Dada, ambaye nalala sebuleni kwake, ameshasema kochi lake halirudii muhula na mtu.

Mwenzangu wa chuo, Bibie Kalamu, yuko daftari la pili. Eti anapenda kufungua barua! Mama Masjala, mkuu wa chumba cha majalada, alishaniambia nikakae kwake anifundishe. Nikamjibu nina majukumu. Majukumu yenyewe ni ufunguo wa kabati la chai. Hakuna mwingine mwenye nao.

Jumanne, 10 Juni

Nimepata wazo! Kama kazi haipo, nitaitengeneza. Mama Masjala alipotoka kwenda kula, nilichomoa jalada la dereva mzee anayestaafu Ijumaa. Nikalisokomeza nyuma ya sinia kwenye kabati la chai, nikafunga. Litatafutwa. Nitalipata mimi. Daftarini nitaandika: "Uokoaji wa nyaraka."

Jumatano, 11 Juni

Mambo yamekuwa makubwa. Bosi analitaka jalada. Dereva yuko kwenye benchi tangu asubuhi, kofia mapajani. Bosi kamwambia Mama Masjala, mbele yetu sote, kwamba lisipopatikana kesho saa sita aandike barua ya kujieleza. Miaka ishirini na miwili hajapoteza hata karatasi.

Nilitaka kulitoa papo hapo, lakini wangenishuku. Kesho asubuhi basi. Nikajitolea kumsaidia kutafuta. Akanionyesha kila kitu: namba, rafu, kitabu cha kusainia jalada linapotoka. Tulipekua hadi saa kumi na moja. Nikakuta mawili yamekaa pasipo pao, nikayarudisha mwenyewe. Akasema nina jicho. Nilifurahi mno! Kisha nikakumbuka jalada liko wapi, na furaha ikaisha.

Alhamisi, 12 Juni

Saa moja. Nimewatangulia wote, ufunguo mkononi. Kabati halipo! Zimebaki alama nne za miguu yake sakafuni. Mfagizi akasema fundi seremala alilibeba jana jioni, bawaba zimelegea. Jasho! Nikakimbilia karakana yake. Imefungwa. Jirani yake akasema fundi ametoka na atarudi, hajui lini. Nikarudi ofisini. Saa nne. Saa tano. Mama Masjala ameshachukua karatasi ya kujieleza.

Saa tano na nusu fundi akaingia na jalada kwapani. Akauliza kwa sauti ni la nani, maana kalikuta nyuma ya sinia alipong'oa mgongo wa kabati. Juu yake ameshaandika vipimo vya mbao. Bosi akauliza ufunguo wa kabati anakaa nao nani. Nikatazama dirishani. Bibie Kalamu, bila kuulizwa, akaninyooshea kidole.

Bosi alifoka hadi sauti ikamkauka. Mama Masjala hakunigombeza. Alisema tu kwamba jana alidhani amepata mwanafunzi. Hilo ndilo lililoniuma.

Ijumaa, 13 Juni

Dereva kapata barua yake ya kustaafu. Kanipita bila salamu. Mwalimu akafungua daftari. Umejaa ukurasa wa Jumatano tu, mistari kumi na minane, na sahihi ya Mama Masjala. Akausoma mara mbili. Akasema hii sasa ndiyo kazi, nyingine ziko wapi? Bosi akamnong'oneza. Narudia muhula. Dada ameshalitoa begi langu nje ya mlango.

Ufunguo kapewa Bibie Kalamu. Mama Masjala kasema, kama nataka kweli, Jumatatu nianzie kwake.

Nimewaza sana leo, na kosa langu nimeliona. Ukurasa mmoja mzuri namna ile umetokana na jalada moja tu kupotea. Muhula huu nitaficha matatu. Tena si kwenye kabati la chai. Droo ya Bibie Kalamu haina kufuli.